Nani Anayempima Mwalimu? TSC na Hoja ya Taaluma Nusu

Mwaka 1969 Amitai Etzioni alihariri kitabu kilichouweka ualimu, pamoja na uuguzi na ustawi wa jamii, katika kundi la taaluma nusu: mafunzo mafupi, uhuru mdogo kazini. Miaka mitatu kabla yake, UNESCO na ILO walikuwa wamependekeza ualimu utambuliwe kuwa taaluma. Nashikilia kwamba Etzioni aliona dalili akaiita asili.

Hapa Itumbe, katika Kaunti ya Kisii, hoja hiyo huvaa nguo za nyumbani: mwalimu wa Kisii au Nyamira, husemwa, moyo wake uko kwenye bonasi ya majani chai. Hoja hii haina uzito. Wakili na daktari wana mashamba pia, na hakuna anayewavua taaluma kwa sababu hiyo. Wanaotaja migomo wakumbuke kwamba madaktari wa Kenya waligoma siku 100 katika mgomo uliomalizika mwaka 2017, wakarudi wodini wakiwa madaktari vilevile.

Ushahidi mzito uko kwa walimu wanagenzi. Sekondari msingi zilipoanza mwaka 2023, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwapeleka vijana wenye shahada au stashahada katika shule hizo kwa mkataba wa mwaka mmoja na posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mtazame mmoja wao mbele ya Gredi ya 7: anafundisha hisabati, anaingia sayansi jumuishi, kisha kilimo ambacho hakukisomea, kwa kuwa hakuna mwingine. Anaandaa maazimio ya kazi, anatahini, anajibu maswali ya wazazi. Nambari ya TSC anayo. Sheria ya mwaka 2012 inakataza asiyesajiliwa kufundisha, kwa hiyo tume ilikuwa imeshathibitisha kwamba amehitimu. Tume hiyohiyo ndiyo iliyomlipa kama anayejifunza kazi.

Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Uamuzi huo ulifuatwa na rufaa, lakini kwangu swali kubwa ni jinsi jambo hili lilivyowezekana. Jibu limo katika Ibara ya 237 ya Katiba: TSC husajili, huajiri, hupandisha vyeo, huhamisha, huadhibu na hufuta kazi. Daktari wa hospitali ya kaunti huajiriwa na kaunti, ila leseni yake iko kwa baraza lingine. Mwajiri akibana bajeti, hawezi kugeuza udaktari wake kuwa uanagenzi. Mwalimu hana ngao hiyo, maana anayempima ndiye anayetafuta namna ya kumlipa kidogo.

Ndiyo maana walimu wanahitaji baraza lao la usajili, lililo tofauti na mwajiri. Wapinzani watajibu kwamba walimu wakijisimamia watalindana. Hatari hiyo ipo, na ipo kwa mawakili pia. Dawa yake ni kuweka wazazi na wataalamu wengine ndani ya baraza. Mafunzo mafupi nayo si hoja tena: shahada ya elimu huchukua miaka minne.

Kutenganisha usajili na ajira kutadai marekebisho ya Katiba, na kwa kuwa TSC ni tume huru, huenda kura ya maamuzi ikahitajika. Gharama hiyo inafaa kulipwa. Bila baraza lao, walimu wataendelea kupimwa kwa bajeti ya mwaka, na mkataba wa uanagenzi utarudi kwa jina jingine.