Udongo wa Owino Uhuru

Kabla ya Mombasa kuwa na mahakama za serikali, wazee wa Kimijikenda walikuwa na sheria juu ya misitu ya kaya. Mwenye kukata mti humo alitozwa mnyama wa kafara, ijapokuwa hakumwumiza mtu. Fikira iliyo jirani na hiyo imo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010: Kifungu cha 42 humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 humruhusu kushtaki bila ya kuonyesha kwamba yupo aliyepata hasara au madhara.

Lakini huko Owino Uhuru, kijiji cha mabanda karibu na Mikindani, upande wa Changamwe, madhara yalikuwa dhahiri. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, nacho kilipakana na nyumba ukuta kwa ukuta. Moshi ulitua juu ya mabati. Maji ya tindikali yalipita mlimochezea watoto. Msomaji aelewe kwamba risasi si takataka ya kuoza. Hukaa udongoni miaka mingi, na iingiapo mwilini mwa mtoto hujificha mifupani na kudhuru ubongo. Ni sumu ya siri, na kwa hiyo ni rahisi mno kukanwa.

Phyllis Omido, aliyekuwa mtumishi wa kiwanda hicho, aliacha kazi baada ya mwanawe mchanga kupatikana na risasi damuni, akawaongoza wenyeji kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji yasafishwe katika miezi minne, au zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Idara za serikali nazo zilitiwa hatiani pamoja na wenye kiwanda. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kubwa kuliko fedha. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ekwado, katika katiba yake ya mwaka 2008, na jirani zetu wa Uganda, katika sheria ya mazingira ya mwaka 2019, wameyapa maumbile yenyewe haki ya kuwapo. Katika shauri la Owino Uhuru udongo haukuwa mdai. Waliodai walikuwa watu wenye risasi damuni.