Daftari Kizimbani: Kumbukumbu ya Shahidi Tunduma na Songwe

Kanuni inayomruhusu shahidi kutazama maandishi yake anapotoa ushahidi, ambayo hapa itaitwa kanuni ya kujikumbusha, ilifika katika nchi ya Wanyamwanga, Wanyiha na Wandali, yaani Songwe ya leo, kwa njia ya mzunguko, kwa kuwa asili yake ni Uingereza lakini ilipitia India. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1920 chini ya utawala wa Waingereza, ikadumu hadi Bunge lilipotunga Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ambayo ilifuta ile ya India huku ikibakiza masharti yake ya kujikumbusha karibu kama yalivyokuwa.

Ng'ambo ya mpaka, Nakonde upande wa Zambia, mambo yalikwenda vingine. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliwagawa Wanyamwanga pande mbili, na sheria nayo ikafuata mpaka huo, kwani Zambia ilirithi kanuni za Kiingereza zilizojengwa na majaji kesi baada ya kesi, ilhali Tunduma hakimu hufungua kitabu na kusoma kifungu.

Kifungu hicho kinataka maandishi yawe yameandikwa na shahidi mwenyewe wakati wa tukio, au muda mfupi baadaye tukio likiwa bado bichi akilini. Yaliyoandikwa na mtu mwingine yanakubalika endapo shahidi aliyasoma ndani ya muda huo na kujua kuwa ni sahihi. Karatasi yenyewe haigeuki kielelezo, yaani kitu kilichopokelewa na mahakama kuwa sehemu ya ushahidi, kwa sababu tu shahidi ameitupia macho. Ushahidi unabaki kuwa kauli yake. Upande wa pili una haki ya kuonyeshwa karatasi hiyo na kumuuliza shahidi maswali ya dodoso juu yake, na haki hii ndiyo kinga ya kweli dhidi ya daftari lililoandikwa usiku wa kuamkia kesi.

Lipo sharti jingine ambalo kwa mji wa mpakani lina uzito kuliko yote. Shahidi asiyekumbuka kabisa tukio anaweza bado kulithibitisha, mradi ana hakika kwamba alichoandika wakati ule kilikuwa sahihi, na mfano uliotolewa na sheria ya India ni wa karani wa vitabu vya hesabu aliyekwisha kusahau muamala mmojammoja. Tunduma, ambako reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na barabara kuu ya Zambia hukutana na mpaka, karani wa namna hiyo si mfano wa vitabuni: afisa wa forodha aliyeandika namba ya lori, namba ya lakiri na saa ya kuvuka hawezi, miaka miwili baadaye, kulitofautisha lori hilo na mengine yaliyokuwa kwenye foleni, na kudai kwamba analikumbuka kungepaswa kumtia hakimu shaka zaidi kuliko kukiri kwamba amelisahau.

Hata hivyo, wanavijiji wengi wa wilaya za Mbozi na Ileje waliijua mahakama kupitia Mahakama za Mwanzo, zilizoanzishwa kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Sheria ya 1967 haizihusu mahakama hizo, nazo hufuata kanuni zao fupi za ushahidi za mwaka 1964, zilizokusudiwa kwa wadaawa wasio na mawakili.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kimewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na taarifa ya lori moja sasa hupita mikononi mwa watu kadhaa kwenye kompyuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeipa taarifa kama hiyo nafasi mahakamani, lakini haimwondolei afisa anayeitwa kujikumbusha kwayo swali la wakili wa utetezi: ni mistari ipi aliiandika yeye, na ni ipi aliikuta?