Kitabu Hakifufuliwi na Skana Peke Yake

Wasee, kila mtu ana lile grupu la PDF. Unaomba kitabu, dakika tano kimefika: ukurasa wa 43 umepinda, wa 44 haupo, na kidole gumba cha aliyepiga picha kimefunika ule mfano uliokuwa unautafuta. Halafu tunasema kitabu kinapatikana. Mimi nakataa, na nina mfano wa kuonyesha kwa nini.

Kuna kitabu kinaitwa Thinking Forth. Mmarekani Leo Brodie alikitoa 1984. Forth ni lugha ya kuandikia programu aliyoibuni Charles Moore. Alitaka kuiita Fourth, lakini kompyuta aliyokuwa nayo, IBM 1130, ilikubali majina ya herufi tano tu. Basi u ikatupwa nje. Ni lugha ya mashine zenye memori kidogo sana, na mwaka 1971 ilikuwa tayari inaendesha darubini ya redio kule Kitt Peak, Arizona.

Brodie alifundisha zaidi ya lugha yenyewe. Alifundisha kufikiri: vunja tatizo kubwa liwe vipande vidogo, kila kipande kifanye kazi moja, na ukipe jina linaloeleweka. Hata kama wewe ni mtu wa Python, huo ushauri ni wako pia.

Lakini memori ikawa rahisi, watu wakahamia lugha zingine, na kitabu kikaisha madukani. Mashabiki wakakichapisha tena 1994. Nazo hizo nakala zikaisha.

Sasa shida iko hapa. Kitabu kinaweza kufa sokoni huku kisheria kiko hai. Marekani, hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake. Kwetu Kenya ni 50. Yaani hakuna anayekiuza, na wewe pia huna ruhusa ya kukinakili. Unabaki kuangalia tu.

Kilichookoa Thinking Forth ni kwamba mwandishi alikuwa hai, akakubali. Mwaka 2004 kikatoka kama PDF ya bure kwa leseni ya Creative Commons: soma, mpe rafiki, taja jina la mwandishi, usiuze. Kazi yenyewe ilifanywa na watu wa kujitolea, akiwemo Mjerumani Bernd Paysan, waliopanga kitabu chote upya kwa LaTeX.

Na usidhani ni kazi ya wikendi moja. Kwa Forth, nukta ni amri: inaonyesha namba kwenye skrini. Koma ni amri nyingine kabisa: inaweka namba kwenye memori. Kwa hivyo programu ya kusoma maandishi kwenye picha ikiona kichembe cha vumbi na kudhani ni nukta, mfano mzima umeharibika, na mwanafunzi atalala akidhani yeye ndiye mjinga. Lazima jicho la mtu lipite hapo, mstari kwa mstari.

Je, kulikuwa na haja, kwa lugha ya kizee hivyo? Zile laptopu ndogo za OLPC walizopewa watoto wa shule Rwanda ziliwashwa na programu iliyoandikwa kwa Forth. Na chombo Philae, kilichotua kwenye nyotamkia 2014, kilibeba prosesa zilizoundwa kwa ajili ya Forth. Lugha ilikuwa bado kazini, kitabu chake ndicho kilikuwa hakipo.

Sasa geukia kabati la nyumbani. Kuna kitabu cha hesabu, cha ushairi au cha ufundi ambacho mzazi wako alisomea na leo hukipati dukani hata ukilia. Pengine aliyekiandika ni mwalimu mstaafu, yuko hai, anaangalia ng'ombe wake. Mtafute. Mwulize kama haki bado ziko kwake au kwa mchapishaji, na kama anaweza kuruhusu kwa maandishi. Akishaenda, ruhusa itabidi itoke kwa warithi, na wewe unajua vile kesi za urithi huwa hapa kwetu.

Skana ziko kila saiba. Mwandishi ni mmoja, na hangoji.