Albamu ya Mnyonge Iliyompita Mnyonge

Desemba 13, 2025 ilitimia miaka 15 tangu Ramazani Mtoro Ongala, Dk Remmy, alipofariki dunia jijini Dar es Salaam. Kila mwaka tarehe hiyo ikifika, redio humkumbuka kwa wimbo wake "Kifo", na baada ya hapo kimya hadi mwaka unaofuata. Kazi yake kubwa kuliko zote haitajwi. Ni albamu ya Songs for the Poor Man, yaani nyimbo kwa ajili ya maskini, iliyotolewa Uingereza mwaka 1989. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama hadi Nyarugusu na Rwamgasa, utampata kwa urahisi mtu anayeimba Remmy kwa moyo. Aliyewahi kuishika albamu hiyo mkononi ni wa kutafutwa kwa tochi.

Historia ya mwanzo inajulikana. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alipoteza wazazi mapema, akapiga muziki Kongo na Uganda, na mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Makassy ilipohamia Nairobi, yeye alibaki na kwenda Matimila, bendi iliyokuja kuitwa Super Matimila.

Mtafiti Mjerumani Werner Graebner aliandika juu ya Remmy mwaka huohuo wa 1989. Makala yake inauliza swali moja zito: muziki huu ni wa nani? Swali hilo ndilo ufunguo wa albamu yenyewe. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Bendi zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na kanda zikabaki hapohapo. RTD ilipozirusha hewani, wenye redio kaseti walizinasa, na wafanyabiashara wakazinakili na kuziuza mitaani. Mwanamuziki alipata jina. Fedha ilikwenda kwingine.

Kanda moja ya namna hiyo ndiyo iliyovuka bahari. Rafiki wa Remmy aliibeba hadi Ulaya na kuifikisha WOMAD, taasisi ya matamasha iliyoasisiwa na Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis. Mwaka 1988 WOMAD ilitoa albamu ya Nalilia Mwana na kuichukua Super Matimila katika ziara ya Ulaya. Mwaka uliofuata Gabriel alianzisha kampuni ya Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, karibu na mji wa Bath. Songs for the Poor Man ikawa miongoni mwa kazi zake za kwanza kabisa.

Ukiisikiliza leo, unaona ilivyothubutu. Katika "Nasikitika", "Karola" na "Kipenda Roho", magitaa yanapishana bila kugombana: moja linashika njia, la pili linajibu, la tatu linachomoza juu kama mtu aliyechelewa shughuli na hataki kupitwa. Nyimbo hazikukatwa ili kumpendeza mgeni. Zimeachwa ndefu, kwa Kiswahili, na mwimbaji anahutubia kadiri anavyoimba. "Sauti ya Mnyonge" inasema inachosema jina lake. "Muziki Asili Yake Wapi" inaligusa swali lilelile la Graebner. Albamu iliyofuata, Mambo ya mwaka 1992, iliwasogelea zaidi wasikilizaji wa Ulaya, hata Kiingereza kikaimbwa. Ile ya 1989 haikumsogelea mtu. Iliwaita watu waisogelee.

Katikati ya albamu hizo mbili uliibuka ugomvi ambao Kanda ya Ziwa ilikuwa na sababu ya kuufuatilia kuliko wengine. Remmy alitoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza wanaume kutumia kondomu, ambazo aliziita soksi. RTD iligoma kuupiga. Ulionekana ni matusi, wimbo usiofaa kusikika mbele ya watoto na wakwe. Wakati huo redio ya Tanzania Bara ilikuwa hiyo moja tu, kwa hiyo kukataliwa nayo kulikuwa sawa na kufungiwa nchi nzima.

Lakini tuangalie hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, jirani kabisa na Geita. Kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Na miaka hiyo ndiyo vijana walikuwa wakimiminika kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu hushinda ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, jioni akatoka na hela mkononi, mke yuko kijijini mbali, baa iko hatua chache. Kama kuna mahali wimbo ule ulihitajika, ni hapo. Wakubwa waliona aibu kulitaja jambo ambalo lilikuwa linazika watu.

Marufuku hayakuuua wimbo huo. Ulipigwa dansini na ukasafiri kwa kanda, kopi juu ya kopi, hadi sauti ikaanza kukwaruza. Watu waliirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya biki ili kuokoa betri, na betri zikichoka wakazianika juani.

Kwa mwimbaji kusema waziwazi hivyo, Msukuma haoni ajabu. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, vimeshindana kwa ngoma na dawa vizazi na vizazi, na manju anayeogopa kusema ukweli mbele ya umati hana anachotafuta uwanjani. Remmy, ambaye watu walimwita daktari, alikuwa manju wa mjini.

Baadaye mwili wake ulichoka. Alipata kiharusi, akaokoka, akanyoa rasta na kuimba Injili. Vijana wa leo wanamfahamu zaidi mwanawe, Kali Ongala, kwa sababu ya soka. Dar es Salaam imebakiza kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy.

Hiyo haitoshi. Haki ya mwanamuziki nayo ilichelewa: Sheria mpya ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, miaka kumi baada ya albamu. Kanda za RTD zimerithiwa na TBC, na ni mali ya taifa kama ilivyo dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui. Tunajua kulalamika madini yetu yanaposafirishwa na faida kubaki ng'ambo. Albamu hii nayo ilitengenezwa kwa sauti na jasho la huku, ikauzwa kwa bei ya huko, na maskini waliotajwa kwenye jalada hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Sasa inapatikana hata kwenye simu ya mkononi. Redio za Shinyanga, Kahama na Geita ziipige yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na Desemba ijayo zianze nayo kabla ya "Kifo".