Safu ya Lugha: Kuainisha

Kitenzi "kuainisha" kimezaliwa na "aina". Mwenye duka la nafaka hapa Mutuini huainisha maharagwe: rosekoko huku, mwitemania kule. Hakuna gunia analolichoma.

Neno hilo ndilo lililobebeshwa jina la Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya. Sehemu ya kazi yake inalistahili: filamu hupewa alama ya watazamaji wote, ya watoto walio na uangalizi wa wazazi, ya miaka 16 au ya miaka 18. Mzazi ambaye mwanawe hushinda kwenye kibanda cha video anaihitaji alama hiyo, nami naiunga mkono kwa dhati.

Lakini Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayoiongoza Bodi hiyo, ilitungwa mwaka 1962, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea, nayo inadai leseni hata kabla kamera haijawashwa. Huko ni kuzuia. Aprili 2018, filamu "Rafiki" ya Wanuri Kahiu haikupangiwa umri wa watazamaji. Ilipigwa marufuku, ilhali mwezi uliofuata ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Septemba, Mahakama Kuu iliifungulia kwa siku 7, na watu wakajaa kumbini Nairobi.

Wabunge watakapoigusa tena sheria hii, naomba waandike "kuzuia" pale wanapokusudia kuzuia, ili raia ajue ananyimwa nini na aweze kwenda mahakamani kukidai.