Homa baada ya ngono bila kinga si jibu, siku za kupima VVU ndizo muhimu

WASIWASI wa kuambukizwa Virusi vya Ukimwi (VVU) baada ya kujamiiana bila kondomu huanza, mara nyingi, kwa mtu kuuchunguza mwili wake. Shingo hupapaswa kutafuta tezi, ulimi hutazamwa kwenye kioo, na kipele ambacho wiki iliyopita kisingetazamwa mara mbili hugeuka ushahidi. Wapo wanaoendelea hivyo kwa miezi bila kukanyaga kituo cha afya, ilhali swali linalowanyima usingizi haliwezi kujibiwa na ngozi wala ulimi.

Tabia hiyo ya kusoma dalili ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, ugonjwa huo uliitwa Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kipimo cha damu hakikuwepo bado. Kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1985. Kwa hiyo watu walijifunza kuutambua kwa macho: kukonda, kuharisha kusikokoma, mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni.

Hizo, hata hivyo, kwa kawaida ni dalili za kinga iliyokwisha kubomolewa, jambo ambalo kwa mtu asiyetumia dawa huchukua miaka kadhaa. Mtu mwenye hofu ya tukio la mwezi uliopita anapozitafuta mwilini mwake, anatafuta mahali pasipo penyewe.

Zipo dalili za mapema. Kwa baadhi ya walioambukizwa hujitokeza kati ya wiki ya pili na ya nne: homa, koo kuuma, tezi kuvimba, vipele, maumivu ya kichwa na misuli, uchovu mkubwa. Hudumu siku chache au wiki kadhaa, kisha huondoka zenyewe, na mhusika hudhani amepona. Wengine hawapati dalili yoyote.

Tatizo ni kwamba orodha hiyo haina kitu hata kimoja ambacho ni cha VVU peke yake. Katika jiji kama Dar es Salaam, homa na viungo kuuma vinaweza kuwa malaria, mafua, au dengi, iliyolikumba jiji hilo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Anayenunua dawa ya mseto dukani na kupata nafuu hajathibitisha kwamba ilikuwa malaria, na asiyepata nafuu hajathibitisha kwamba ni VVU.

Hofu nayo ina dalili zake: moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, jasho la usiku, chakula kutopita kooni na hatimaye uzito kupungua. Homa inayomwamkia mtu siku moja au mbili baada ya tukio ni ya mapema mno kuwa ya VVU.

Kinachopaswa kuhesabiwa kwanza ni saa, si dalili. Mtu ambaye huenda ameambukizwa anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi, maarufu kama PEP, iwapo atafika hospitali ndani ya saa 72. Dawa hizo humezwa kila siku kwa siku 28, na kila saa inayopita kabla ya kuanza hupunguza uwezo wake. Hazikusudiwi wahudumu wa afya waliochomwa sindano peke yao. Tangu mwaka 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haubagui kati ya aliyechomwa sindano, aliyebakwa na aliyepasukiwa kondomu.

Kabla ya kuzianza mhusika hupimwa, kwa sababu aliyekwisha kuambukizwa zamani huhitaji matibabu kamili na si ya siku 28. Ziara hiyo hiyo ndiyo ya kuuliza kuhusu kaswende, kisonono na homa ya ini, na kwa mwanamke, mimba. Aliyebakwa ana kila sababu ya kutangulia hospitali, kwa kuwa saa 72 hazisubiri taratibu nyingine.

Saa hizo zikishapita, linabaki suala la kupima, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, kilichozoeleka katika vituo vingi, kwa kawaida hakitafuti kirusi chenyewe bali kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana nacho. Askari hao hawatokei siku ya pili. Kipimo cha namna hiyo huweza kuyaona maambukizi kati ya siku ya 23 na ya 90. Vile vya maabara vinavyotafuta pia protini ya kirusi huyaona kati ya siku ya 18 na ya 45, na vinavyotafuta vinasaba vya kirusi, ambavyo ni ghali na adimu, kati ya siku ya 10 na ya 33.

Muda huo wa mwanzo huitwa kipindi cha dirisha. Aliyepima siku ya tano na kukuta hana VVU amepata habari za maisha yake kabla ya tukio, si za tukio lenyewe. Anapaswa kurudi, na majibu ya miezi mitatu kamili baada ya tukio, kama hakujiweka hatarini tena, ndiyo ya kuaminiwa. Aliyetumia PEP hufuata ratiba atakayopangiwa na mhudumu, kwani dawa zinaweza kuchelewesha majibu.

Kusubiri huko si kwa mtu mmoja tu. Aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno katika damu, na uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake, au mtoto anayenyonya, ni mkubwa. Kondomu ni ya lazima kipindi hicho. Kuchangia damu kwa nia ya kupimwa kimyakimya ni hatari, kwani damu ya kipindi cha dirisha inaweza kuvipita vipimo.

Majibu ya mwenzi nayo si majibu ya mhusika. Tendo moja na mwenye VVU haliambukizi kila mara. Makadirio ya Marekani kwa mwanamke katika tendo la kawaida ni mara 8 kati ya 10,000, ingawa vidonda sehemu za siri au virusi vingi kwa mwenzi huongeza hatari hiyo. Na mwenye VVU anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi kwa kujamiiana.

Kwa wanaokwepa macho ya watu kituoni, Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2019 na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Kipimo hicho kinafungwa na kipindi kile kile cha dirisha. Kikionyesha dalili ya maambukizi, hayo bado si majibu ya mwisho: mhusika hupimwa upya kituoni kwa vipimo tofauti, na akithibitika huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga yake ishuke, utaratibu uliopitishwa nchini mwaka 2016.