Bata Mzinga 37 Waliorudisha Mtaa

Mwezi wa nne mwaka huu kazin yangu alinipigia simu ya vidio saa nane mchana. Kwake ilikuwa saa moja asubuhi. Anaishi Lowell, Massachusetts, mji wa Marekani wenye Wakenya wengi hadi unga wa ugali si kitu cha kutafuta sana. Alikuwa ametoka kazi ya usiku ya kutunza wazee, na alikuwa amekwama ndani ya gari mbele ya nyumba yake mwenyewe.

"Kazin, siwezi shuka. Wako hapa nje."

Mimi mtoto wa Nairobi, nikadhani ni wezi. Akageuza simu. Bata mzinga saba! Sita wanazunguka gari kama askari wa doria, na mmoja, dume kubwa lenye kifua kama ngoma, anagonga mlango wa gari kwa mdomo. Kumbe ameona sura yake kwenye rangi inayong'aa, akafikiri ni dume mwingine amekuja kumnyang'anya mabibi.

Manze nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. "Wewe cheka tu. Nimesimama usiku mzima, sasa nimeshikwa mateka na kuku."

Nikamuuliza wametoroka shamba la nani. Akasema hawana mwenyewe, ni wa mwitu, na jirani yake mzee alimwambia kwamba akiwa mtoto hakuwahi kuona hata mmoja. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Ndege aliyekosekana kabisa anarudi vipi hadi anafunga watu kwa gari? Nikaingia kusoma, na nilichopata ni story inayotuhusu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na jina. Bata mzinga si bata, na mzinga hana (mzinga ule mwingine mnaojua nyinyi, tuuache kwanza). Lakini hata Waingereza walikosea. Ndege waliyemjua kwanza ni kanga wetu wa Afrika, yule wa madoadoa, ambaye inasemekana ndiye aliyeipa leso jina. Kwa sababu waliwahusisha na wafanyabiashara wa Uturuki, wakawaita ndege wa Uturuki. Miaka ya 1500 Wahispania walipoleta ndege wa Amerika kutoka Mexico, ambako wenyeji walikuwa wamemfuga kwa karne nyingi, Waingereza wakamtupia jina lilelile. Wanasayansi nao wakaongeza makosa: jina lake rasmi, Meleagris, ni neno la Kigiriki la kanga. Kwa hivyo yule aliyemfungia kazin yangu kwa gari anatembea na kitambulisho cha ndege wa kwetu.

Sasa historia yenyewe. Kabla ya Wazungu kufika, eneo hilo lilikuwa la Wampanoag na mataifa mengine ya wenyeji. Walimwinda bata mzinga kwa nyama, na manyoya yake wakayafuma kuwa mavazi ya kujifunika. Mwaka wa 1620 wakaja walowezi kutoka Uingereza, na kiongozi wao William Bradford aliandika kwamba bata mzinga walikuwa wengi sana. Wengi ni neno hatari. Kitu kikiwa kingi, hakuna anayehesabu.

Wakawinda bila kikomo. Wakakata misitu kufungua mashamba na kupata kuni. Bata mzinga analala juu ya mti na anakula mbegu za miti. Ukikata mti umemvunjia nyumba na jikoni kwa shoka moja. Karne ya 19 ikafika na viwanda. Lowell ukawa mji wa vitambaa vya pamba, na kitambaa cha viwanda vya upande huo kililetwa na meli za Salem hadi Zanzibar, ambapo watu wa pwani yetu walikiita merikani. Wakati nguo hiyo inavaliwa huku, kule msitu ulikuwa unaisha. Mwaka wa 1851, kwenye mlima unaoitwa Mount Tom, aliuawa bata mzinga wa mwitu wa mwisho kujulikana Massachusetts. Aliyempiga risasi huenda alifurahia tu chakula cha jioni.

Wajukuu wao wakajuta. Kati ya 1911 na 1967 walijaribu angalau mara tisa kuwarudisha, na karibu kila mara walishindwa. Sababu ni moja rahisi: walikuwa wanachukua ndege waliofugwa na kuwaachilia msituni. Ndege wa shamba hajafunzwa na mama kumwogopa mbweha, kupanda mti jioni, wala kutafuta chakula theluji ikifunika kila kitu. Unamtoa kwenye boksi leo, kesho kutwa ni manyoya tu.

Kilichofanya kazi ni kuwatafuta wa mwitu wenyewe, ambao hawashikiki kwa urahisi. Ndipo wakaanza kutumia wavu unaorushwa na mizinga midogo: unamwaga mahindi, unajificha, ndege wakikusanyika kula, mizinga inalipuka na wavu unawafunika kabla hawajaruka. Ndiyo, bata mzinga alikombolewa na mzinga. Mimi sijatunga hiyo.

Mwaka wa 1972 na 1973, ndege 37 walishikwa kusini-magharibi mwa jimbo la New York na kuachiliwa katika msitu wa Beartown, magharibi mwa Massachusetts. Basi 37, hawajazi hata basi moja la Rongai. Kufikia 1978 walikadiriwa kuwa karibu 1,000. Kuanzia 1979 hadi 1996 maafisa wakawa wanashika baadhi yao na kuwahamishia sehemu nyingine za jimbo, jumla ndege 561. Leo wamepita 30,000.

Kuna mambo mawili hapo watu huyaruka. La kwanza, msitu ulikuwa umesharudi. Wakulima wengi waliacha mashamba yale ya mawe, wengine wakaenda magharibi, wengine viwandani, na miti ikaota tena yenyewe. Bila miti, hao 37 wangekufa kama wale wa boksi. La pili, hao 37 walitoka mahali ambapo wa mwitu walikuwa bado wapo. New York yenyewe ilikuwa imewapoteza, lakini miaka ya 1940 walivuka mpaka kutoka Pennsylvania, ambako kundi dogo lilikuwa limebaki milimani. Hiyo ndiyo siri yote. Mahali fulani, kiasi kidogo kilibaki. Kingeisha kote, hakuna pesa ingewarudisha.

Na pesa ilitoka wapi? Sehemu kubwa kwa wawindaji wenyewe. Tangu 1937 Marekani ina sheria inayochukua ushuru wa bunduki na risasi na kuupeleka kwenye kazi ya kurejesha wanyamapori. Ukitaka kulipua, changia kwanza.

Sasa wamejaa hadi mitaani: Boston, Cambridge, Brookline, na kwa kazin yangu. Mtaani kuna chakula, kuna nyasi fupi, na sheria hairuhusu kufyatua bunduki karibu na nyumba za watu. Isitoshe, bata mzinga huishi kwa vyeo. Kila mmoja anajua aliye juu yake na aliye chini. Wakizoea watu, wanawaingiza kwenye orodha hiyo hiyo. Ukikimbia, umejiandikisha wa mwisho. Dume la kilo kumi likikukimbiza mbele ya majirani, hiyo ni noma, lakini kwake ni mpangilio tu wa kazi.

Ushauri wa maafisa wa wanyamapori kule ni mfupi: usiwalishe, na usiwaogope. Piga kelele, shika ufagio, wamwagie maji kwa paipu. Kazin yangu sasa anafungua mwavuli kwa ghafla, na wanampisha. Shida ni yule jirani mzee. Ndiye anayewarushia mahindi kila asubuhi, kwa mapenzi kabisa, kwa sababu utotoni mwake hawakuwepo. Siwezi kumlaumu sana. Lakini mahindi yake ndiyo yanayomfanya dume lile lisahau kwamba ni la mwitu, na ndege wa namna hiyo mwishowe huuawa na maafisa. Unaweza kumharibu mtu kwa wema.

Kila msimu kuna wanaolalamika huko kwamba bata mzinga "wamevamia" mitaa. Neno hilo linanikera. Aliyevamia ni nani? Na swali hilo haliishii kwa ndege. Wampanoag hawakupotea, wapo hadi leo. Tangu 1970, siku ya Thanksgiving, Wamarekani wakila bata mzinga, wenyeji hukusanyika Plymouth kufanya siku ya maombolezo. Wampanoag wa Mashpee walitambuliwa rasmi na serikali ya Marekani mwaka wa 2007, karibu miaka 400 baada ya kuwapokea wageni. Sisemi watu na ndege ni sawa. Nasema tu kwamba kumrudishia ndege msitu ilikuwa rahisi kuliko kumrudishia mtu haki yake, na hiyo inafaa kutusumbua.

Turudi nyumbani. Pale Nyayo, wale marabou juu ya miti tunawapita tukifunika kichwa na kusema ni wachafu. Wanakula taka, sawa. Taka ni za nani? Sisi ndio tumewawekea meza, kama yule mzee na mahindi yake. Halafu fikiria Karura. Mwaka wa 1999 Wangari Maathai alipigwa akiupigania msitu huo, na wako waliomwona kama mtu anayezuia maendeleo. Kumbe alikuwa analinda kile kiasi kidogo kinachobaki, Pennsylvania yetu.

Maoni yangu ni haya: story ya bata mzinga isitumike kutufariji kwamba kila kitu kikiisha kitarudi. Massachusetts ilingoja zaidi ya miaka 120 na bado ilibidi iombe mbegu kwa jirani. Sisi tukimaliza chetu, tutaomba kwa nani? Kulinda msitu uliopo ni kazi ya leo, na ni rahisi kuliko kurusha nyavu kwa mizinga mwaka 2090.

Mwezi wa sita kazin alinitumia vidio nyingine. Amesimamisha gari, na magari ya upande ule mwingine pia yamesimama. Bata mzinga jike anavuka barabara polepole, nyuma yake vifaranga tisa, wa mwisho anajikwaa ukingoni mara mbili kabla ya kupanda. Hakuna aliyepiga honi. Nikamuuliza, leo hukuwa na haraka? Akaniambia alikuwa na usingizi wa kufa.

"Lakini ningefanya nini, kazin? Wako kwao."